Kitabu cha anwani kimejaa faksi: nyota 3 kati ya 5

Hii programu ya imeli, Outlook ile ya zamani ya kwenye kompyuta, naitumia kazini kutwa nzima, na kwa upande wa kalenda na kutafuta meseji za zamani iko vizuri, sina neno. Kinachoniumiza ni kitabu cha anwani. Unataka kumchagua mtu umtumie imeli, jina lake linakuja mara mbili, mstari mmoja imeli mwingine faksi, na majina yako kwenye orodha ndefu hivyo jicho linapita tu.

Juzi jioni nikatuma ankara ya mteja, nimechagua jina harakaharaka, kumbe nimegusa ule mstari wa faksi. Asubuhi nafungua nakuta ujumbe umerudi, haujafika popote, na mteja keshapiga simu anauliza mbona kimya. Iliniuma sana maana nilishamwahidi.

Kinachotokea ni kwamba programu inaihesabu namba ya faksi kuwa anwani ya kutumia ujumbe, sawa na imeli. Kadi ya mtu mmoja ina nafasi 3 za imeli na 3 za faksi (kazini, nyumbani na nyingineyo), kwahiyo ukizijaza zote huyo mtu mmoja anakula mistari 6. Wakati mwenye namba ya simu peke yake haonekani humo kabisa! Nimepekua settingi zote natafuta sehemu ya kuzima faksi, hakuna.

Dawa niliyoipata ni hii: fungua kadi ya mtu, nenda kwenye namba ya faksi, weka herufi mbele yake, mimi naweka F. Namba inabaki palepale unaisoma vizuri, ila programu haiitambui tena kama faksi na ule mstari unatoka kwenye orodha. Au ihamishie kwenye nafasi ya simu ambayo huitumii. Kadi kumi unafanya kwa mkono, ila mimi nina mamia, ikabidi nitumie makro, yaani kijiprogramu kidogo kinachofanya kazi ya kujirudia badala yako, inayopita kadi zote na kuongeza hiyo F yenyewe, dakika chache imemaliza, na orodha sasa inasomeka mtu mmoja mstari mmoja, raha kweli.

Angalia vitu viwili. Ukiandika jina, yale mapendekezo yanayojitokeza yenyewe bado yanakumbuka faksi za zamani, hizo ufute moja moja. Halafu kama ofisi yenu inatuma faksi kweli kupitia kompyuta usiguse hizo namba, zitagoma.

Nyota mbili nimezikata kwa sababu kitu cha kuweka tiki moja tu tunakizungukia hivi miaka yote. Na kabla hujaendesha makro weka nakala ya kontakti zako pembeni, mimi nilianza na kadi tano nikaona ziko sawa ndo nikaiachia zote.