Cherehani Kuukuu: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiache Sokoni

Kosa langu la kwanza lilikuwa na maua ya dhahabu. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo soko la Kibuye hapa Kisumu hufurika hadi barabarani, na muuza vyuma mmoja alikuwa ameiweka Singer 28K ya mkono juu ya gunia, pamoja na sanduku lake la mbao lenye mgongo wa mviringo. Nakshi hazikuwa zimechubuka. Gurudumu lilizunguka bila kukwama. Nikatoa shilingi 4,500 bila kubembeleza sana, nikapanda boda boda nimeipakata kama mtoto. Nilipofika nyumbani na kuvuta kibati cha chini ya sindano, nikakuta pango tupu. Hakikuwemo kile chombo cha chuma chenye umbo la mtumbwi kinachobeba uzi wa chini. Nilikitafuta miezi minane, Kisumu hadi Kakamega. Fundi mmoja alinitazama kwa huruma, akasema, "Omera, hiyo ni ya kuangalia."

Tangu siku hiyo nina swali moja kabla ya kutoa pesa: kipuri cha mashine hii kikiisha, naweza kukipata kwa fundi wa barazani ninayemfikia kwa miguu? Umri, urembo na jina vinafuata nyuma. Kwa hiyo mpangilio wangu ni wa mtu anayetaka mashine ya kufungua, kusafisha na kushonea mara moja moja, akiwa Kisumu, Bungoma, Nakuru au hapo katikati. Anayeshona sare za shule kutwa kucha atafute ushauri mwingine.

Namba moja, na wala si kwa kubahatisha, ni Singer 15K ya miguu. Si kwamba ndiyo inayoshona vizuri kuliko zote. Sababu ni Butterfly. Ile Butterfly nyeusi unayoiona kwenye kila baraza ilitengenezwa Shanghai kwa muundo ule ule wa Singer 15, kwa hiyo duka la vifaa vya ushonaji lenye vipuri vya Butterfly huwa lina sehemu kubwa ya unachohitaji: bobini (kile kigurudumu kidogo kinachozungushiwa uzi wa chini), kesi ya bobini, springi ya uzi, hata mkanda. Sindano yake ni ile ya kawaida, pakiti iliyoandikwa HA×1. Kumbuka tu kwamba ubapa wa sindano unatazama kushoto, na uzi unapita tunduni kutoka kulia kwenda kushoto. Nimeshaona mashine ikiuzwa kwa bei ya kutupa eti "inaruka mishono", kumbe sindano ilikuwa imegeuzwa tu.

Na usiogope iliyokwama. Ya kwangu niliitoa kwa mama mmoja karibu na Luanda ya Vihiga, ilikaa jikoni miaka, gurudumu halisogei hata kwa mikono miwili. Nilimlipa 6,000, na miguu yake ya chuma ikiwemo. Nilidondoshea mafuta ya taa kwenye kila tundu na kila mahali chuma kinapokutana na chuma, nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikajaribu gurudumu, jioni nikadondoshea tena. Siku ya nne lilisogea unene wa ukucha. Likarudi. Likasogea tena, na tope la kahawia likaanza kutoka kwenye viungo. Lakini lilikuwa likigoma mahali pale pale kila mzunguko, na hapo ndipo nilipofungua sehemu ya chini yenye ndoana, kile chuma kinachonasa uzi wa juu. Nyuma yake palikuwa na uzi wa kijani wa sweta za shule, umejisokota ukawa mgumu kama ukucha wa kuku. Niliuchomoa kwa pini, kipande kwa kipande. Mashine ikazunguka kwa kidole kimoja. Mwenyewe alikuwa ameniambia imekufa.

Mara nyingi hakuna kilichovunjika. Kinachokwamisha ni mafuta mabaya: mtu alitia mafuta ya kupikia, nayo yakikaa yanakauka na kunata kama gundi. Baada ya mafuta ya taa, pangusa, kisha tia mafuta meupe ya cherehani, tone moja moja. Mafuta ya taa na spiriti yasiguse nakshi. Spiriti hasa huyeyusha ule mng'ao wa juu, na ukishafutika hakuna wa kuurudisha.

Namba mbili ni Butterfly kuukuu yenyewe. Wenzangu wa kukusanya huikunjia pua, lakini kwa anayeanza mfuko ukiwa mwepesi ni shule nzuri. Ukiharibu skrubu, utapata nyingine. Mkono wangu unaisikia ikikwaruza kidogo kuliko Singer, hata ikiwa imetiwa mafuta. Mazungumzo yanaishia hapo.

Namba tatu ndiyo ningeiweka ya kwanza kama ningeishi mahali pengine: Singer 201K. Katika 15K, ndoana ya chini huenda na kurudi. Katika 201K inazunguka mduara mzima, tena kwa gia, na ndiyo maana inashona kimya na mshono wake umenyooka kama mstari wa rula. Zilitengenezwa Clydebank, Scotland, katika kiwanda cha Singer kilichofungwa 1980. Shida ni bobini. Inatumia ile ya daraja la 66, yenye mgongo uliobinuka kidogo, na muuzaji atakupa ya 15, bapa, akikuapia ni sawa. Si sawa. Ukiilazimisha, uzi wa chini utakuwa unakaza na kulegea utakavyo wenyewe. Kwa hiyo 201K ichukue tu ikiwa inakuja na bobini zake, hata tatu.

66K na 99K zinatumia bobini hiyo hiyo, na onyo ni hilo hilo. 99K ni mdogo wa 66K, kimo cha robo tatu hivi, na ile ya mkono ni nzuri kwa mtoto anayejifunza kwa sababu mashine haikimbii kuliko mkono wake.

Mwisho kabisa kwenye orodha, kwa uchungu, ni 28K na 128K. Ukikuta mtumbwi umo ndani, bobini zake ndefu zipo na kibati cha kufunikia kipo, nunua na unipigie vigelegele. Kimoja kikikosekana, ipite. Yangu iko juu ya kabati hadi leo, inang'aa.

Zile ambazo sizipangi kabisa ni za umeme za miaka ya 1960 na 1970, za kushona zigizaga, zenye gia za plastiki ndani. Plastiki inazeeka na kupasuka hata mashine ikiwa imefunikwa tu, na nyaya zake zikishaanza kumenyeka, umeme uko karibu na goti lako.

Sasa sokoni. Muuzaji atakuonyesha nembo ya shaba kwenye nguzo na kukuambia, "Hii ni ya 1851, soma mwenyewe." Imeandikwa kweli, 1851–1951. Lakini hayo ni maadhimisho ya miaka 100 ya kampuni ya Singer, maana yake mashine ni ya wakati huo wa 1951. Umri usome kwenye namba iliyogongwa kwenye chuma cha kitako, upande wa kulia. Zilizotoka kabla ya 1900 hazina herufi mbele ya namba. Namba isipokuwepo kabisa na jina likiwa ni karatasi ya kubandika, hiyo ni Singer ya juzi iliyopakwa rangi.

Mfukoni beba sindano mpya, bobini yenye uzi mwekundu, uzi mweupe wa juu na kipande cha kaki kilichokunjwa mara mbili. Zungusha gurudumu kuelekea kwako, kamwe si kinyume. Shona nchi nne. Mwekundu ukitokeza juu, uzi wa juu umekazwa mno. Mara nyingi ni skrubu tu, si ugonjwa. Pitisha kucha kwenye meno yanayosukuma kitambaa: yakiwa butu, kitambaa kitateleza. Shika nguzo ya sindano uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, punguza bei au ondoka. Kutu ya juu juu isikutishe, hasa huku ziwani ambako hewa yenyewe ina maji. Kutu iliyochimba vishimo kwenye ndoana ni jambo jingine. Nakuru adui ni vumbi. Hata jina la mji, kwa Kimaasai, wanasema ni la vumbi. Pale utakuta mashine isiyo na kutu ila imejaa mchanga mwembamba uliochanganyika na mafuta, unaosaga chuma kidogo kidogo. Isafishe kwanza kabla ya kuizungusha sana.

Ulizia miguu kabla ya kichwa. Wapo wanaonunua miguu ya chuma ya Singer ili watengeneze meza za hoteli, kwa hiyo muuzaji mjanja anakutajia bei ya kichwa, ukishakubali ndipo miguu inakuwa na bei yake. Sema "yote kwa pamoja" tangu salamu.

Mkanda wa ngozi nunua mpya hata kama wa zamani unaonekana mzima, kisha usiukate wote mara moja. Uzungushe kwenye magurudumu yote mawili, ukate ukiuacha mrefu kidogo kuliko unavyodhani, unganisha kwa kile kipini cha waya, kanyaga dakika kumi. Ukilegea, fungua ukate tena upana wa kidole. Mimi wa kwanza niliukata mfupi kwa pupa, na mashine ikawa nzito kama baiskeli ya kupanda kilima cha Maragoli.