Tata Steel Chess, Wijk aan Zee: nenda, ila vaa koti zito

Kama uko Ulaya na unapenda chesi hata kidogo, Januari panda treni mpaka Beverwijk halafu basi mpaka Wijk aan Zee. Ni kijiji tu cha pwani huko Uholanzi, upepo unakata masikio, na kiwanda cha chuma kiko palepale jirani, ndo kilichoanzisha haya mashindano 1938 na kila kikibadili jina na mashindano nayo yanabadili, Hoogovens, Corus, sasa Tata Steel.

Usitegemee jumba la kifahari. De Moriaan ni ukumbi wa kijiji kabisa, wa kufanyia hata harusi, na humohumo anamocheza bingwa wa dunia kuna mamia ya watu wa kawaida nao wanacheza ligi zao, wazee, wanafunzi, watu waliochukua likizo kazini. Mzee mmoja nilimwona anasogeza farasi, anabonyeza saa, mbio kwenye kamba kumchungulia Gukesh, Mhindi aliyetwaa ubingwa wa dunia 2024, kurudi anakuta ngome imeshaliwa! Hiyo raha sijaiona mashindano mengine, kwingine wakubwa wanafichwa.

Kwa mtazamaji sasa. Mastaa ni 14, raundi 13, zinaanza saa nane mchana na mechi moja inaweza kula masaa sita, kwa hiyo kama huna subira utasinzia, na bodi zenyewe ziko mbali bora uangalie skrini. Ila ukibahatika... 1999 hapa Kasparov, bingwa wa dunia enzi hizo, alimburuta mfalme wa mpinzani wake Topalov ubao mzima mpaka safu ya nyuma ya upande wa Kasparov mwenyewe, watu wanaizungumzia mpaka leo. Na 2025 Gukesh na Mhindi mwenzake Praggnanandhaa (Pragg) walikuwa wanaongoza pamoja, raundi ya mwisho wote wakapigwa, wakamalizana kwa blitz, yaani mechi za haraka za dakika chache, Pragg akabeba.

Siku ya kufunga, kwenye karamu, mabingwa wanapewa supu ya njegere. Ndio, njegere, tangu 1946, vita imeisha na chakula hamna. Nimeionja mgahawani, nzito kama uji wa mgonjwa ila tamu kweli kwenye baridi ile, inawekwa soseji ya nguruwe kwa hiyo waislamu ulizeni kwanza.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimekata kwa sababu ya malazi, kijiji kidogo vyumba vinaisha mapema na nilipofikia mimi hita ilikuwa pambo tu, lala Haarlem, mji ulio jirani, uje asubuhi.