Programu ya kujifunza poka: hesabu safi, wachezaji hovyo

Mombasa ukitaja poka, wengi hukumbuka ile ya shuleni ya kuruka, kuuliza swali na kupiga kelele "niko kadi!" Hii si hiyo. Niliyojifunza kwenye simu ni Texas Hold'em: unapewa karata mbili za siri, tano hufunuliwa mezani kwa wote (tatu, kisha moja, kisha moja), na mwenye tano bora kati ya hizo saba ndiye anayekula. Ama aliyebaki peke yake, wenzake wakishatupa karata zao badala ya kulipa dau la chipu (vidude vya kuwekea dau).

Programu ni ya bure, Kiingereza kitupu, ila picha zajieleza. Mtu wa turufu atasumbuliwa na mazoea: hapa hakuna turufu, kopa na shupaza hazizidiani, wala huna mwenzako upande wa pili wa meza.

Kilichonifurahisha ni somo la hesabu. Una kopa mbili, na katika zile tatu za mezani kuna kopa mbili nyingine. Mpinzani anatia chipu zake zote zilizobaki, 100, na mezani zafika 300. Ufuate au utupe? Programu inasimama, inakuhesabia: kopa ni 13, umeona 4, zimebaki 9 katika karata 47 usizoziona. Kwa karata mbili zijazo, nafasi ya kupata kopa ya tano (tano za aina moja ni mkono mkali) ni kama asilimia 35. Unalipa 100 kugombea jumla ya 400, yaani asilimia 25 yatosha. Fuata. Sikuwahi kuelezwa asilimia vizuri hivyo darasani.

Ubovu uko kwenye roboti unazocheza nazo. Hazitupi karata! Tishia utakavyo kwa dau kubwa, zinafuata tu, hata zikiwa na karata mbovu kama mbili na saba. Halafu kila mara tangazo: nunua chipu kwa M-Pesa. Chipu ambazo hazigeuki kuwa pesa. Nani anunue hewa?

Kutishia nilijifunzia barazani kwa binamu yangu, Majengo. Tulitumia kete za bao, maana kwetu kamari ni haramu na mzee alikuwa ndani. Binamu hafungi mdomo. Akipata karata nzuri tu ndipo hadithi hukatika katikati. Nikishamsikia kimya, natupa zangu. Roboti haikufunzi hilo.

Nyota tatu kati ya tano, zote za somo la hesabu.