TAHADHARI: Ukisomewa P0171, usikimbilie kununua sensa ya oksijeni

Ndugu wenye magari, kuna mchezo unaochezwa na baadhi ya mafundi na wauza vipuri. Unawanasa zaidi wale ambao gari zao zinatetemeka zikiwa silensa (injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na taa ya cheki injini imewaka. Mashine ya kusoma makosa inachomekwa, unatoka msimbo wa kosa P0171, au P0174 kwa upande wa pili wa injini ya V, na kabla hata boneti haijafunguliwa unaambiwa: "Sensa ya oksijeni imekufa, hii hapa mpya." Unalipa, sensa hiyo ya kupima oksijeni kwenye moshi wa ekzosti inafungwa, msimbo unafutwa, taa inazima. Siku chache baadaye taa imerudi na mtetemo ni uleule. Hapo unauziwa sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Ikirudi tena, pampu ya mafuta. Mwisho kabisa ni kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini.

Kilichozima taa si sensa mpya, ni kule kufuta. Kwenye magari mengi kontrol boksi haiwashi taa kwa kosa hili mpaka ilione katika safari mbili zinazofuatana. Tena ukifuta msimbo, masahihisho ya mafuta yaliyokuwa yamehifadhiwa yanarudi sifuri na gari inaanza kujifunza upya. Siku hizo chache zinamtosha muuzaji kupokea hela na kukuaga. Kwa hiyo sharti la kwanza: asifute mtu kitu chochote kabla hujapiga picha ya skrini. Piga misimbo yote, piga na ile kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa lilipojitokeza, yaani mizunguko, joto na mzigo.

P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema hewa imezidi mafuta, na kontrol boksi imeongeza mafuta mpaka imefika ukomo wake, ambao kwa magari mengi ni kama asilimia 25. Sensa ndiyo iliyotoa taarifa. Kuitoa ni kumfukuza mlinzi aliyekuamsha, na mwizi umemwacha ndani.

Unachohitaji ni kisomeo cha kawaida cha kuchomeka kinachoonyesha data injini ikiwa inanguruma. Pasha injini hadi joto la kazi, zima AC na taa, kisha tafuta STFT na LTFT. Ya kwanza ni sahihisho la papo kwa papo, ya pili ni la muda mrefu. Zijumlishe. Andika jumla ikiwa silensa, halafu shikilia resi 2500 (mizunguko kwa dakika) kwa nusu dakika uandike tena. Gari nzima hukaa kati ya asilimia -5 na +5, na hata 10 bado si ya kukimbiza mtu dukani.

Ukiona +20 silensa na +5 kwenye 2500, gari inavuta hewa ya pembeni, hewa iliyoingia bila kupita kwenye sensa ya hewa. Hesabu yake ni nyepesi. Injini ya lita 2 ikiwa silensa hupumua kama gramu 3 za hewa kwa sekunde. Tundu linaloingiza gramu 0.6 linakuwa asilimia 20 ya hiyo. Kwenye 2500 injini inapumua kama gramu 12, na tundu lilelile sasa ni asilimia 5 tu. Tundu halijapungua, injini ndiyo imeongeza pumzi. Hakuna sensa ya oksijeni duniani itakayoziba tundu hilo.

Ikiwa kinyume chake, silensa ni nzuri lakini ukipanda mlima namba zinapaa, geukia mafuta: filta iliyoziba, pampu iliyochoka, nozeli chafu, au sensa ya hewa inayosoma pungufu. Pampu isiuzwe bila geji ya presha kufungwa na kulinganishwa na kitabu cha gari hiyo. Magari yasiyo na sensa ya hewa, yanayotumia sensa ya presha ya manifoldi, yana tabia tofauti kidogo: hewa ya pembeni mara nyingi huyapandishia silensa badala ya kuwasha P0171.

Sasa tafuta tundu. Anza na mpira mkubwa kati ya sensa ya hewa na throtoli, ule mlango wa hewa wa injini. Ule wenye mikunjo kama kinanda cha kuvuta. Usiutazame kwa juu tu. Legeza klempu, utoe, ukunje kwa mikono kwenye mwanga na uangalie ndani ya kila mkunjo, hasa upande wa chini usioonekana. Ufa hujificha hapo: ukiwa umetulia umefunga, injini ikijitikisa unafunguka kama mdomo. Ndiyo maana anayetazama kwa kupita anaapa mpira ni mzima.

Halafu fuata mipira midogo. Mpira wa PCV, unaorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue, ukilainika kwa oili hubonyea na kupasuka kwenye kona. Valvu ya mvuke wa tangi iliyokwama wazi nayo huingiza hewa: injini ikiwa imezimwa, ipulize, isipitishe. Kwa buster ya breki, kifaa kinacholainisha pedali kwa mvuto wa injini, zima injini, kanyaga pedali mara tano, shikilia, washa. Pedali inatakiwa izame kidogo. Isipozama, au ukisikia mluzi, kagua mpira wake. Minya mipira mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa, na ule unaotuliza injini ukiminywa ndio wa kufuatilia.

Gasketi ya manifoldi ipime kwa chupa ya kupulizia maji. Nyunyiza kidogo kwenye maungio na usubiri: maji yakiziba ufa, mlio hubadilika kwa sekunde chache. Wapo wanaonyunyiza petroli au dawa ya kusafishia kabureta. Tafadhali usifanye hivyo juu ya ekzosti yenye moto. Na vidole viwe mbali na feni, kwa maana feni ya umeme huwaka bila kubisha hodi.

Mambo mawili huidanganya hata sensa nzima. Ekzosti ikiwa na ufa kabla ya sensa, hewa ya nje hunyonywa ndani na sensa inaripoti hewa nyingi. Silinda ikimisi, yaani isipounguza mafuta, oksijeni isiyoungua inapita na taarifa inakuwa ileile. Ukiona P0300 au P0301, misimbo ya kumisi, pamoja na P0171, shughulikia plagi na koili kwanza.

Kujua kama sensa ya zamani ni hai ni kazi ya dakika moja. Kwa ile inayosoma kati ya volti 0.1 na 0.9, kanyaga ghafla: ipae hadi 0.8 hivi au zaidi. Achia: ishuke chini ya 0.2. Ikifanya hivyo haijafa, aliyesema imekufa amekudanganya. Kipimo hiki hakihusu sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo husomwa kwa namna nyingine. Na hapa pana wizi mwingine: sensa hizo mbili kwa kawaida zina nyuzi sawa za milimita 18, zinaingia tundu lilelile, na muuzaji anasema "zinaingiliana." Haziingiliani. Nunua kwa namba ya kipuri ya gari lako tu.

Kabla hujalipa, itoe sensa kwenye boksi. Ncha iwe safi, isiwe na masizi wala weupe wa kuungua. Nyuzi zisiwe na alama za spana wala rangi ya bluu ya chuma kilichowahi kupata moto, kwani nyingine ni zilizotumika, zimepigwa brashi zikarudishwa boksini. Kwenye sensa nyingi za waya nne, waya mbili za rangi moja ni za hita: pima kwa mita, upate ohm chache hadi kama 15. Mita isiposoma kitu, hita imekatika.

Sensa ya hewa ya bandia ni mbaya zaidi. Ikisoma pungufu, kontrol boksi inapunguza mafuta na wewe umenunua ugonjwa uleule uliokuwa ukiutibu. Ya zamani ipulizie kwanza dawa maalumu ya sensa za hewa, bila kuigusa waya, iachwe ikauke kabisa kabla ya kuchomeka. Na ule urembo wenye vitaa unaochomekwa kwenye soketi ya kupimia ukidaiwa kupunguza mafuta na kutuliza injini, mwachieni anayeuuza. Soketi ile haizibi mpira uliopasuka.

Ukishafungiwa kipuri, dai cha zamani urudishiwe mkononi, na risiti iandikwe namba ya kipuri na masharti ya kurudisha. Halafu endesha siku kadhaa, mjini na barabara ndefu, usome tena STFT na LTFT kwenye sehemu zilezile mbili. Jumla ikiwa imerudi karibu na sifuri silensa na kwenye 2500, gari imepona. Ikiwa bado +20 silensa, mrudishie sensa yake pamoja na picha za kabla na baada.