Kuelea bila uzito: ndege au bwawa?

Ukitaka kuonja hali ya kutokuwa na uzito bila kupanda roketi, njia kuu ni mbili: ndege inayopaa na kushuka kama wimbi, au bwawa lenye kina kirefu.

Mimi naipa ndege nafasi ya kwanza. Rubani huipandisha kwa mwinuko mkali, mwili ukilemewa karibu mara mbili ya uzito wake, kisha hupunguza nguvu za injini. Hapo ndege na abiria huanguka pamoja, na kwa sekunde 22 hivi hakuna kinachokukandamiza: miguu inaachana na sakafu, tone la maji linakuwa gololi inayoelea mbele ya pua. Mwanafizikia Stephen Hawking, aliyetumia kiti cha magurudumu, alielea hivyo mwaka 2007. Kasoro ni kichefuchefu, na utamu hukatika upesi.

Bwawani muda ni mrefu. Wanaanga mjini Houston, Marekani, hufanya mazoezi kwa saa kadhaa katika bwawa la kina cha mita 12. Lakini maji hukubeba tu, hayaondoi uzito. Ukigeuka kichwa chini, damu bado inakujaa usoni, na kila ukisogeza mkono maji yanakuzuia.