GNU Make na Ninja kwa laptopu ya giga 8: ile nambari ya -j uiweke ngapi?

Assalaam aleikum nyote mnaonitazama, mlioko hapa Lamu na mlioko mbali. Leo twachambua kitu kimoja tu ndani ya GNU Make, ile programu inayoita kompaila kugeuza msimbo wako uwe programu (ndiko kubildi), nayo ni ile -j, yaani vile inavyosimamia kazi nyingi kwa mpigo, halafu mbele nitaiweka kando ya Ninja, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, tuzipime zote mbili. Nimeichagua manake vijana wengi wanaojifunza programu hapa kisiwani watumia laptopu za mtumba, kori 4, RAM giga 8, na kila somo la mtandaoni lawaambia andika make -j$(nproc) uende zako, basi. Hakuna anayewaeleza ile nambari yafanya nini huko ndani. Sasa mashine yaganda, mausi haisongi, kijana adhani laptopu imekufa, kumbe imebebeshwa kuliko uwezo wake.

Kabla hatujaenda mbali andika make --version uone yako ni ipi. Make yenyewe ni mzee, Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976, na hii tuliyo nayo kwa Linux ni GNU Make iliyoandikwa na Richard Stallman na Roland McGrath, na kwa miaka mingi sasa mtunzaji wake ni Paul Smith. Mimi nachambua toleo 4.4 lililotoka 2022. Kama watumia Mac, ile make inayokuja nayo ni 3.81 ya mwaka 2006, so mengi nitakayoyasema leo hutayapata, weka mpya kwa Homebrew na uiite gmake.

Haya. Ukiandika make peke yake yafanya kazi moja, ikiisha yashika nyingine. Ukiandika make -j4 yaruhusiwa kufanya nne kwa wakati mmoja. Na ukiandika make -j bila nambari yoyote, wallahi hapa nisikizeni vizuri, hiyo maana yake hakuna mpaka, kila kazi iliyo tayari yaanzishwa hapo hapo, faili mia tatu zikiwa tayari basi kompaila mia tatu zafunguka pamoja. Hii siipendi kabisa na ningetamani waiondoe, manake mtu akisahau nambari kidogo tu mashine nzima yaenda chini, na hakuna onyo lolote linalotoka kabla.

Sasa nambari gani? Watu wote watazama kori. nproc yakuambia 8, waeka 8. Lakini kwanza nproc yahesabu nyuzi za prosesa, laptopu ya kori 4 yenye nyuzi mbili kwa kila kori itasema 8, na nyuzi mbili za kori moja zagawana vifaa vile vile vya ndani, so usitarajie mwendo mara mbili. Pili, na hili ndilo kubwa kwetu, kinachoisha kwanza kwa mashine zetu ni RAM, kori zabaki zaingoja. Faili ya C ya kawaida haili kitu, kernel ya Linux waweza kuibildi na -j8 kwa giga 8 na ukawa unaendelea na mambo yako. Lakini C++ yenye templeti nyingi, faili moja tu yaweza kula giga nzima na kupita. Zidisha mara 8, toa ile inayotumiwa na brauza uliyoiacha wazi na tabo zake, hesabu haikubali. Kompyuta yaanza kuhamisha kumbukumbu kwa diski, na diski ikiwa ni ile ya kuzunguka ndio umekwisha, bildi ya nusu saa yageuka ya mchana kutwa, ama Linux yenyewe yaamua kuua mmoja waokoke wengine, hapo ndipo waona ule ujumbe Killed signal terminated program cc1plus (cc1plus ndiyo kompaila ya C++). Ukiuona huo usianze kutafuta kosa ndani ya programu yako. Kosa ni nambari. Shuka mpaka -j3 ama -j2 na uanze tena pale ulipofikia, make haitarudia zile zilizokwisha.

Kwa mimi kanuni ni hii, gawanya RAM iliyo huru, sio yote, ile iliyo huru uione kwa free -h, kwa giga moja na nusu hivi kama ni C++ nzito, chukua matokeo hayo na idadi ya kori, iliyo ndogo ndiyo nambari yako. Msimu wa kaskazi na joto hili letu la kuanzia Disemba mpaka Machi nashuka tena kidogo, kwa sababu prosesa ikichemka yajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na kazi nane zinazokwenda polepole hazina faida juu ya nne zinazokwenda sawa.

Kuna pia -l, hii yasema usianzishe kazi mpya kama mzigo wa mashine umepita kiwango fulani, mfano make -j8 -l6. Fikra nzuri, lakini kabla ya 4.4 ule mzigo uliosomwa ulikuwa wastani wa dakika moja, so wachelewa, kazi zaanzishwa nyingi kisha ndio yashtuka; 4.4 kwa Linux yatazama idadi ya kazi zinazokimbia wakati ule ule. Itumie kwa seva mnayogawana watu wengi, kwa laptopu yako haina haja.

Sasa nije kwa kile kilichonifanya nirekodi video hii. Miradi mikubwa make humwita make mwingine, folda hii ina Makefile yake, yaani faili ya maelekezo ya make, na ile ina yake. Umesema -j8. Je, kila make mtoto naye afungue nane? Watoto nane kila mmoja kazi nane, hizo ni 64. GNU Make wana jibu lao tangu toleo 3.78 la mwaka 1999, laitwa jobseva, na kwangu mimi ni kazi safi mno. Mliofika Matondoni kwa waunda majahazi mwajua kekee za kutobolea mbao ni chache kuliko mafundi, anayetaka kutoboa achukua, akimaliza arudisha pale pale, na anayefuata achukua, hakuna msimamizi anayesimama na daftari kugawa. Basi jobseva ndivyo ilivyo. Make wa kwanza kabisa afungua paipu, ile njia ya kupitisha data kati ya programu, na kutia tokeni ndani, na tokeni ni baiti moja tu, ukisema -j8 atia saba, kwa sababu kila make ana moja yake ya bure asiyohitaji kuichukua popote. Kila anayetaka kuanzisha kazi ya ziada asoma baiti moja kutoka kwa paipu, paipu ikiwa tupu asubiri, kazi ikiisha aiandika ile baiti irudi. Basi, hakuna programu kubwa nyuma yake, ni paipu ya kawaida ya Unix, na kwa hilo tu mti mzima wa make wote, mama na watoto na wajukuu, wabaki nane.

Na wengine pia wajiunga, Cargo, chombo cha kubildi cha lugha ya Rust, yaujua mtindo huu, kompaila ya GCC ukiipa -flto=jobserver nayo yachukua tokeni kwa heshima kama wote.

Udhaifu wake ni kwamba ile paipu haijui nani kachukua. Programu iliyoshika tokeni ikiuawa kabla haijarudisha, imepotea hiyo mpaka bildi iishe, mwabaki na saba, sita. Ukiona bildi iliyoanza kwa kasi yazidi kupoa na kori zimelala, shuku hilo.

Kitu kingine kinachowakamata watu, ndani ya Makefile usiandike make mtupu, andika $(MAKE). Ukiandika make mtupu, kwa matoleo ya kabla ya 4.4 yule mtoto hakabidhiwi paipu, na utaona onyo jobserver unavailable: using -j1, maana yake folda ile yote yaenda kazi moja moja na wewe wangoja tu. Na usimpe mtoto -j yake mwenyewe, yaani $(MAKE) -j4 ndani ya Makefile, hapo wamtoa kwa ule mgao na afungua wake, nambari yako ya juu haina maana tena. Nimeziona Makefile nyingi za watu zina hii, wameweka wakidhani wasaidia.

Toleo 4.4 walibadilisha, badala ya paipu isiyo na jina sasa ni paipu yenye jina, inakaa kama faili, anuani yake yapitishwa ndani ya MAKEFLAGS, ile variable make anayowapa watoto wake, hivi, --jobserver-auth=fifo: halafu njia ya faili. Ni rahisi zaidi kwa programu nyingine kuifungua. Tatizo ni vifaa vya zamani vinavyojua ule mtindo wa kwanza peke yake, hivyo havitaiona, na ukipatikana na hilo andika --jobserver-style=pipe urudi kwa mtindo wa kale.

Sasa kuna watu huniandikia, nikiweka -j1 yabildi sawa, nikiweka -j4 yavunjika, so -j ina kasoro. Hapana yakhe. Makefile yako ndiyo haijasema ukweli wote. Faili main.c yahitaji parser.h, na parser.h hutengenezwa na Bison, programu inayojiandikia msimbo wa C, wakati wa bildi, lakini wewe hukuandika popote kwamba ile yategemea hii. Kwa kazi moja moja make hufuata mpangilio ulioandika, kushoto kwenda kulia, parser yatangulia kwa bahati na mambo yaenda. Ukiongeza kazi, main.c yaondoka pamoja nayo na haikuti kitu. Na ubaya wake ni kwamba leo yavunjika kesho haivunjiki, yategemea nani kafika mbele. Dawa yake 4.4 imeleta, --shuffle, yachanganya mpangilio makusudi ili utegemezi uliousahau ujitokeze, na ikivunjika yakupa nambari ya mbegu ndani ya ujumbe wa kosa, ukiirudisha hiyo nambari wapata mpangilio ule ule tena ukatafute kwa utulivu. Kwa hii peke yake ningewaambia mpande toleo 4.4. Pia wameongeza .WAIT ya kutenganisha kinachotangulia na kinachofuata, lakini msiifanye kichaka cha kufichia utegemezi, andikeni utegemezi.

-O haraka tu: bila hiyo, maandishi ya kazi nne yachanganyikana kwa skrini husomi kitu. Weka -O, kila kazi yatoa maneno yake yakiwa pamoja. Ipo tangu 4.0 ya mwaka 2013 na mpaka leo watu hawaijui.

Stima nayo. Mwenye desktopu isiyo na betri, umeme ukikatika katikati ya bildi kuna faili za .o, yaani matokeo ya kukompaili, zimeandikwa nusu, kadiri kazi zilivyokuwa nyingi ndivyo nusunusu zilivyo nyingi. Make hutazama saa ya faili tu. Yaona .o ni mpya kuliko .c, yaruka, halafu linka, ile inayounganisha .o zote kuwa programu moja, yaja kulalamika mwishoni mambo usiyoyaelewa. Umeme ukirudi tafuta .o zilizoandikwa dakika ile ya mwisho uzifute, ama ikiwezekana panga Makefile yako ikompaili kwa jina la muda kisha mv mpaka jina lenyewe.

Na hapo Ninja yaipita Make. Ninja aliianzisha Evan Martin akiwa kwa mradi wa Chrome pale Google, na yenyewe huandika .ninja_log kazi ikishamaliza, so kwa bildi ya mara ya kwanza faili ambayo haikuandikwa humo yafanywa upya hata kama ipo kwa diski. Maandishi yake hayachanganyikani bila kuomba. Ila haikuulizi nambari, yachukua kori zote na kuongeza mbili, mashine ya nyuzi 8 yaenda kazi 10, na kwa giga 8 za RAM hiyo ni hatari, so andika ninja -j4 mwenyewe. Kile ninachokipenda zaidi ni puli, yaani mafungu ya kazi yenye mpaka wake, waeza kusema kazi za kukompaili ziwe nne lakini kulinki kuwe moja tu kwa wakati, manake kulinki mradi mkubwa ndiko kunakomaliza RAM. Kwa CMake, chombo kinachokuandikia faili za Ninja, ni -DCMAKE_JOB_POOLS=link=1 na -DCMAKE_JOB_POOL_LINK=link. Make haina kitu kama hiki cha wazi, na kwa mashine ndogo ni pengo kubwa.

Kilichokuwa chaniudhi kwa Ninja ni jobseva, kwa miaka haikuijua, ukiiita kutoka ndani ya make yafungua kazi zake juu ya zile zilizopo. Toleo 1.13 la 2025 limeleta, sasa yapokea tokeni za make kama wengine.

So kwa C++ kubwa na RAM ndogo chukueni Ninja, na muwe na 1.13. Kwa miradi ya C, kernel, na chochote chenye Makefile ndani ya Makefile, GNU Make 4.4 sina neno nayo, jobseva yake bado ndiyo wanayoifuata wote. Chini kwa maelezo ya video nimeweka Makefile ndogo niliyoitoa mstari mmoja wa utegemezi makusudi, iendesheni na -j4 -O --shuffle, na ikivunjika niandikieni kwa komenti ile nambari ya mbegu na mstari mnaodhani umekosekana.