Nililipia Barolo, mama mkwe akamiminiwa Moscato

Sikuwa na mpango wa kuandika, mke wangu ndo kasema kama bado inaniuma hivi niandike labda nitapoa, haya naandika. Nilimpeleka mama mkwe kuonja waini Langhe, huko Piemonte, Italia, kutoka kwangu Torino ni mwendo wa saa moja hivi na gari, na dada aliyetuhudumia akanivunjia heshima mbele ya mkwe. Jina la hao watu silitaji, wenyewe wanajijua.

Kwanza muelewe mama ni nani. Ni mkulima wa zabibu Dodoma, Mpunguzi, kalima tangu mke wangu yupo shule ya msingi, kapogoa mizabibu mpaka vidole vimepinda. Sio mtu wa kuelezwa zabibu ni nini. Alipokuja kutusalimia nikasema hapa ndo pa kupatia sifa ukweni, nikabuku kuonja Barolo, ile waini nyekundu ya huko, euro 30 kwa kichwa na tupo watatu. Na nilichagua ile ya glasi mbili kwa makusudi kabisa, Barolo moja ya kijiji cha La Morra na nyingine ya kijiji cha Serralunga, maana wanasema udongo wa La Morra unatoa waini laini laini na wa Serralunga unatoa ngumu ya kukaa miaka, zabibu ileile moja, Nebbiolo. Nilitaka mama alinganishe mwenyewe. Hiyo glasi ya pili iwekeni akilini.

Ilikuwa Oktoba, mwaka juzi au ule wa kabla yake. Ukungu umelala bonde zima la mto Tanaro hata taa za gari hazisaidii, ukipanda kidogo unakutana na jua, ukishuka unarudi kwenye ule weupe kama umemwagiwa maziwa. Wenyeji wengi watakwambia Nebbiolo jina lake limetoka kwenye nebbia, yaani ukungu, kwa vile inachelewa kuiva mpaka ukungu unaikuta shambani, wengine wanabisha wanasema ni ule unga mweupe juu ya ganda. Mama hata hakusikiliza, alikuwa anaangalia miti. "Mkwe, hawa wanavuna mara moja tu?" Nikamwambia mara moja mama, baridi ikiingia mti unalala. Kwao Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, ukipogoa mara mbili unavuna mara mbili. Akauliza, "Na hiyo moja ikipitiwa na mvua ya mawe?" Nikamuonyesha nyavu kwenye shamba la jirani, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Sasa tukaingia ndani. Meza ya pembeni kuna wazungu wanne, wao wakaanza na Dolcetto (jina lina maana ya katamu kadogo na waini yenyewe haina sukari hata chembe, Waitaliano bwana), wakaja Barbera, ile yenye uchachu wa kukuamsha, halafu Barolo. Sisi dada akaja na chupa ya Moscato d'Asti, waini nyeupe tamu yenye vipovu, akatumiminia, akasema kwa Kiitaliano huku anatabasamu kwamba hii mama ataipenda, Waafrika mnapenda vitamu. Akaweka chupa, akaondoka zake.

Jamani. Mi nimeishi nchi hii miaka, Kiitaliano nakielewa mpaka matusi yake. Nikamfuata nikamwambia dada, risiti yangu imeandikwa Barolo, glasi mbili. Ananijibu Barolo ni ngumu, inataka mtu aliyeizoea. Mama ananiuliza, "Anasemaje?" Nikamdanganya, nikasema anasema karibu sana mama. Hiyo ndo inayonichoma mpaka leo, kumtafsiria mkwe uongo ili asijue kadharauliwa na hela nimelipa mimi.

Na kilichozidi kuniudhi ni kwamba mama aliipenda. Aliinusa, akanyamaza, akaimaliza, akasogeza glasi mbele kama mtoto anayeomba uji. Ikabidi nami nionje nikiwa nimekunja sura, na siwezi kusema uongo mara ya pili, ilikuwa tamu ya kistaarabu, vipovu vidogo, harufu ya maua na mapichi, na kilevi chake ni kama asilimia 5 tu kwa sababu wanaipoza chachu ikasimama njiani kabla haijamaliza sukari yote. Kwa hiyo yule dada alipatia. Lakini kupatia bila kuuliza bado ni dharau, au nakosea?

Barolo ikaja baadaye kwa mbinde, moja. Mi nilitegemea waini nyeusi tii, kumbe rangi nyepesi mpaka unaona vidole upande wa pili, pembeni inaelekea rangi ya tofali. Harufu ya waridi na kitu kama lami, nzuri mno nakiri. Ukiiweka mdomoni ni ukakasi mtupu, kama umeng'ata bibo bichi, ulimi unagoma. Mama akameza, akasema, "Mkwe, hii haijawa tayari." Nikaanza kumuelewesha kwamba mama, sheria yao inataka ikae miezi 38 ndo iuzwe, 18 kati ya hiyo kwenye mapipa ya mbao. Akanijibu, "Basi waongeze."

Kumbe kuna mzee mwenye buti za tope alikuwa mlangoni, baba wa mwenye shamba. Akauliza mama kasema nini, safari hii nikatafsiri kweli tupu, mzee akacheka akasema kasema sawasawa, ya mwaka ule ingekaa hata miaka kumi mbele. Akamchukua mama nje, wakaongea kwa mikono nusu saa nzima, mzee anaonyesha anapokata tawi, mama anampinga, anamuonyesha anapokata yeye. Akatuonyesha na ule mteremko unaotazama kusini ambapo theluji inayeyuka mwanzo, hapo ndo wanapanda Nebbiolo, Barbera na Dolcetto zinapewa sehemu zenye ubaridi zaidi. Mwisho akatupa tone la Barolo Chinato, Barolo iliyotiwa viungo na magome ya mti wa kwinini, mama akakunja uso, "Hii ni dawa ya malaria!" Mzee haelewi, anacheka tu.

Kwa mzee natoa nyota tano. Kwa dada sifuri, na Serralunga haikuja mpaka tunaondoka, nilipouliza nikaambiwa chupa ya kuonjea imeisha huku naiona ipo meza ya wazungu. Jumla nilikuwa nimeweka nyota moja, mke wangu kanilazimisha mbili, nikikumbuka mikono ya mama na ya yule mzee kwenye tawi moja nataka kuweka nne, nikikumbuka "Waafrika mnapenda vitamu" narudi moja.

Juzi mama kapiga simu anaulizia ile ya vipovu. Nikamwambia zipo hata supamaketi ya hapa chini nitanunua, akasema hapana mkwe, nataka ya kwa yule binti aliyetukaribisha vizuri.